Kura ya Arminta

Fungeni dirisha la upande wa barabara, sitaki watu wa mji wasimame hapo chini kusikiliza ninavyokohoa, lakini la uani liacheni wazi, nataka kuwasikia farasi. Leander, kaa. Nimesema kaa, mwanangu, bado mimi ni baba yako na bado nina pumzi, na mwenye haraka leo itabidi anisubiri. Hiram, vuta kiti uje karibu, maana sauti hii iliyokuwa ikitoka kwenye ngazi za mahakama ikafika hadi mnada wa nyumbu, sasa haifiki hata mwisho wa kitanda. Na wewe Arminta, usisimame mlangoni na hizo buti za marehemu mumeo. Nimeziona, ingia nazo hivyo hivyo. Anderson Pogue, usiondoke. Umenibeba kutoka mahakamani juu ya mlango uliong'olewa dukani kwa watu, na shati lako limelowa damu yangu na yako pamoja, basi kaa usikie, nitakuwa na kazi na wewe mwisho.

Daktari amekwisha kunawa mikono na kuchukua kofia yake bila kuulizwa na mtu, na mnajua maana ya daktari kuondoka hivyo. Risasi iko hapa chini ya mbavu na jua la leo nadhani tutazama pamoja. Silii kwa hilo. Nimekula miaka yangu zaidi ya sabini, nimekaa bunge la jimbo letu la Kentucky pale Frankfort, nimekaa bunge la taifa kule Washington, nimekuwa kanali vitani na seneta baada ya vita, na asubuhi ya leo nilikuwa nagombea tena, mzee nisiyejua kushiba. Kinachoniliza ni hao farasi watatu waliofungwa kwenye ua, wenye matandiko mgongoni tangu saa sita mchana. Mmoja ni wa Leander, mmoja wa Hiram, na wa tatu ni jike langu la kijivu, na sasa naona buti za nani zitampanda.

Mlidhani nimezimia. Niliwasikia mkiwa chini sebuleni, kila neno. Wewe Leander ulisema, "Hatumwandikii mtu barua, wala hatumtumi mtu. Preston Ledgerwood tukimkuta shambani tunammaliza shambani, tukimkuta mezani tunammaliza mezani, na baba yake akijiweka njiani shauri yake. Hapo Hiram akija kuchaguliwa mahali pa baba ataapa kiapo chake na hakuna wa kumgusa." Na wewe Hiram, niliyekusomesha sheria mpaka ukavaa miwani, badala ya kumzaba ndugu yako kibao ukajibu, "Kisheria ni kweli." Kisheria ni kweli! Uchungu wa neno hilo umenichoma kuliko huu wa ubavuni.

Kiapo hicho nakijua kuliko sala za mama yenu. Nimekiapa kila nilipochaguliwa, mkono juu ya Biblia, kwamba sijapata kumpelekea mtu barua ya kumwita tupigane kwa silaha, wala kuipokea, wala kuibeba kwa niaba ya mwingine. Waliokitunga walikuwa wamechoka kuzika vijana wa watu, na nia yao ilikuwa njema, ila walisahau sisi ni watu wa namna gani. Zamani mtu akikutukana ulimwandikia, naye akachagua rafiki, nawe wako, marafiki wakakaa kubishana habari ya bastola na umbali na mahali, na katika ubishi huo nusu ya magomvi yalikufa yenyewe kwa njaa, au kwa usingizi, au kwa mke wa mtu kuingia na kufoka. Ilipopigwa marufuku barua, hasira haikupigwa marufuku. Watu wakagundua kwamba aliyeandika hawezi kuwa hata askari wa mtaa, lakini aliyemvizia adui yake anatoka kwa kinyozi akampasua kifua anaweza kuwa gavana, mradi wale raia kumi na wawili wa baraza la mahakama waseme alikuwa anajitetea, na katika wilaya hii baraza halijawahi kusema vingine.

Sasa nisikilizeni habari za baba yenu mdogo Lemuel, ambaye nyinyi mmeoneshwa kaburi lake tu. Nilikuwa Frankfort msimu wangu wa pili, na Barton Ledgerwood, baba yake huyu Preston, naye alikuwamo, mbunge wa upande wa ng'ambo ya mto, kijana mwenye mikono miwili wakati huo na ulimi mrefu kuliko yote miwili. Tuligombania mahali pa kujenga mahakama mpya, kwake au kwetu, basi, jambo dogo hilo, na katikati ya mjadala akasimama akasema, "Bwana Spika, mheshimiwa Stroud ni mwongo, na ameanza uongo huo kabla hajaota meno." Bunge zima likacheka. Nami nikakaa, kwa sababu nikimwandikia napoteza kiti, naye akiniandikia anapoteza chake. Kila mtu pale alijua hivyo. Lakini huku nyumbani walichosikia ni kwamba Elkanah Stroud kaitwa mwongo akakaa.

Lemuel alipanda farasi bila kuniambia. Alifika Frankfort asubuhi, akajiweka mbele ya hoteli yetu, bastola ndani ya koti, akisubiri Ledgerwood atoke. Akatoka mtu mrefu, mabega yale yale, kofia ile ile ya majani, anatafuna tofaa, akageuka upande wa mto. Lemuel akaita, "Ledgerwood! Geuka uuone uso wa Stroud!" Yule mtu akageuka, kweli jina lake lilikuwa Ledgerwood, tena tofaa bado liko mdomoni, na Lemuel akampiga risasi ya koo. Alikuwa Coleman, ndugu yake Barton, mtu mpole ambaye hakujua hata nani anagombania nini, aliyekuja mjini kuuza nyumbu. Mimi nilikuwa ghorofani nanyoa ndevu. Niliposhuka na sabuni usoni nilimkuta Lemuel amepiga magoti anajaribu kuiziba ile damu kwa mikono, anamwambia, "Si wewe, bwana, si wewe niliyekutaka," na hapo hapo Barton akatoka mlangoni, akatazama ndugu yake, akamwekea ndugu yangu bastola nyuma ya sikio. Sitawaambia zaidi ya hapo. Ile sabuni ilinikaukia usoni mpaka jioni na hakuna aliyethubutu kuniambia niifute.

Barton Ledgerwood alishtakiwa akaachiwa. Lemuel naye, kama angeishi, angeachiwa. Hapakuwa na barua, mnaona? Mwaka uliofuata tuliapa kile kiapo yeye na mimi siku moja, tumesimama tunakaribiana mabega, na wala hakuna aliyesema uongo. Kisheria ni kweli, Hiram. Ndivyo ilivyokuwa, kisheria.

Nipe maji. Kidogo, midomo tu.

Baadaye watu wakanipeleka Washington, na nilidhani huko wakubwa wa nchi watakuwa na adabu. Kila mbunge alikuwa na bastola ndani ya mtoto wa meza, pamoja na karatasi na tumbaku. Walikuwa wakijadili kama binadamu anaweza kuuzwa katika majimbo mapya, na walijadili kwa fimbo, kwa ngumi, kwa visu. Siku moja mheshimiwa mmoja wa kusini aliniita mtoto wa wafuga nyumbu, nikamwambia nyumbu wetu wana haya kuliko ukoo wake, na kabla Spika hajagonga meza tulikuwa chini kumi na zaidi, mmoja ananiuma mkono, mwingine kakalia mguu wangu, ndipo mzee mmoja wa upande wangu mwenyewe, aliyekosa shabaha, akanipasua kichwa kwa chombo cha shaba cha kutemea mate. Kovu ndilo hili. Mama yenu alininawisha mate ya tumbaku kichwani usiku kucha, akaniuliza, "Na hii ndiyo sheria mliyopitisha leo?" Nilicheka mpaka kichwa kikafunguka tena. Namkumbuka sana leo, mama yenu. Natamani angekuwa hapa awashike hizo kola.

Kisha vita vikaja, nikaenda na jeshi la Muungano, Barton akaenda na jeshi la kusini, akarudi bila mkono wa kulia. Mnajua mashamba yalivyoungua. Jambo moja tu la vita nataka mlikumbuke, nalo nililifundisha hapa nyumbani mkiwa wadogo: jinsi ya kumsikia farasi kabla hujamwona. Farasi mwenye mtu kwato zake huja zikiwa nzito, na zile rikabu za chuma zimenyamaza kwa sababu zina miguu ndani. Farasi mtupu anakuja mwepesi, na rikabu zinamgonga mbavuni, kle-kle, kle-kle. Nilisikia sauti hiyo kila baada ya mapigano, na kila mara ilikuwa na maana moja. Arminta, najua huhitaji kufundishwa. Juzi juzi hapa, mwaka wa pili huu, ulikuwa unaanika shuka hapo uani, mimi nipo barazani, ukageuza kichwa upande wa njia ya kinu, na shuka ikakuponyoka. Farasi wa Josiah aliingia peke yake. Tulimkuta mumeo kando ya uzio wa kinu, kapigwa risasi kutoka nyuma na mtu ambaye hakuandika barua.

Wote tulijua ni mtu wa upande wa Ledgerwood, na hakuna aliyefungwa kwa Josiah. Ulienda mahakamani kila siku ukakaa mbele, na wale mabwana wa baraza wakawa wanatazama kofia zao magotini. Sikuambii usahau. Mtu akikuambia usahau mbele yangu, nitaamka kitandani hapa.

Tuje kwenye leo, kabla sijaishiwa. Mmekwisha kuwasikia watu wakisimulia, nao wanasimulia vibaya.

Leo ni siku ya kura kama siku zote za kura: mapipa ya wiski yao kushoto, yetu kulia, ile supu ya kindi na mahindi inachemka kwenye sufuria kubwa, na watu wamekwisha kuvunjana pua kabla ya saa tatu. Ndani ya mahakama sherifu anaita jina, mtu anapanda kizimbani, anataja kwa sauti anayemtaka, karani anaandika, na kila aliyemo humo na kila aliyeko dirishani anajua tangu saa ile Fulani kampigia nani. Tajiri wako anajua, mwenye nyumba wako anajua, na aliyeleta fimbo anajua pa kuipeleka. Ndiyo desturi yetu na nimeitetea bungeni, nilisema mtu huru hanong'oni. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kwa mtu aliyezaliwa na mimi nilivyozaliwa.

Akaitwa Anderson Pogue, fundi wa vyuma. Wewe Anderson ulizaliwa mali ya baba yangu, nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na watoto hawa wasijifanye hawajui. Tangu watu weusi waruhusiwe kupiga kura hujakosa hata uchaguzi mmoja, na wamekuchomea kiwanda, na umekijenga upya. Ulikuja leo na koti lako la Jumapili. Preston Ledgerwood na vijana wake walikuwa wameziba njia ya kizimbani, na Preston akasema, "Pita, fundi, pita. Sema vizuri, leo tuna masikio makali." Ukapanda. Sherifu akauliza. Ukajibu kwa sauti iliyotikisa vioo, "Elkanah Stroud, useneta." Preston akakupiga kwa gongo la mti mgumu hapo juu ya jicho, ukaanguka goti moja, damu ikakufumba macho, na watu wakapiga kelele kama mnadani. Nawe ukainuka, ukashika ukingo wa kizimba, ukamtazama karani ambaye kalamu ilikuwa imekwama hewani, ukamwuliza, "Karani, umeandika?"

Wanangu, nimesikia hotuba za mabwana waliosoma mpaka wakachoka. Sijasikia hotuba kama hiyo. Nilitaka kulia pale pale.

Na sasa sikilizeni hili, kwa sababu ni mimi na mtu mmoja humu ndani tunaolijua, na huyo mtu mmoja hana raha tangu asubuhi. Watu wanasema Preston alichomoa bastola anipige mimi, mzee asiye na silaha. Sivyo. Leander, usiinamishe kichwa, nitazame. Wewe ndiye uliyechomoa kwanza. Ulikuwa nyuma ya bega langu la kushoto, umeificha chini ya koti, na Preston akaiona, nami nikamwona anavyoiona. Sikuona chuki usoni mwake, niliona hofu, ile hofu ya mtu aliyekuja kucheza na gongo akakuta mwenzake kaleta kaburi. Akachomoa yake, na nakuapia, alifumba macho. Bastola yake ilikuwa inakutazama wewe. Nami mguu huu mbovu ambao mwaka mzima haujanisaidia kupanda ngazi, leo ulinisaidia.

Risasi iliyo ndani yangu ni yako, mwanangu. Niliichukua. Hakuna aliyenilazimisha, na ningerudishwa pale tena ningeichukua tena, kwa hiyo usinililie kwa hilo na usinidai msamaha. Lakini nimeilipia ili uishi, uzeeke, uote kitambi, uwachoshe wajukuu kwa hadithi za uongo kuhusu mimi. Ukipanda farasi huyo ukaenda mpaka kwa Ledgerwood, hutapita uzio. Wale vijana wa Preston wanawasubiri kila dirisha kwa bunduki. Utakuwa umenirudishia zawadi usoni, na Preston hata akifa, mtoto wake wa kiume atakua akioneshwa kaburi, kama mlivyooneshwa nyinyi.

Arminta, nimekuona ulivyomtazama ndugu yako. Mtazame, lakini usimtazame hivyo kwa muda mrefu. Alitaka kumkinga Anderson, na mkono wake ukatangulia akili, ndiyo damu yetu hiyo.

Niinueni kidogo. Hapo. Polepole, Hiram, mimi si gunia.

Mali. Nyumba hii na shamba la chini ni la Arminta, kwa jina lake mwenyewe, hati iko kwa mwandishi wa wilaya, na mume yeyote atakayekuja baadaye akanyage kama mgeni. Shamba la juu la tumbaku ni la Leander. Vitabu, ofisi ya mjini na meza yangu ni vya Hiram, na ndani ya mtoto wa meza hiyo hamtakuta bastola, nimezitupa kisimani mwaka ule tuliomzika Josiah. Kiwanja chini ya kiwanda cha Anderson ni cha Anderson. Usinishukuru, wazazi wako walikwisha kukilipia kabla mimi sijazaliwa vizuri. Na angalieni, sikuweka sharti. Sikusema atakayepanda farasi leo asirithi. Maisha yangu yote nimeona wanaume wakinunua kura kwa wiski na kwa vitisho, na yangu baadhi zilinunuliwa, sijui ngapi. Za wanangu sinunui.

Mazishi yawe mepesi. Kanisani msiimbe zaidi ya wimbo mmoja, mama yenu alikuwa ananifinya usingizi ukinichukua. Na Barton Ledgerwood akija makaburini mpisheni. Nimesema mpisheni! Anderson ameniambia wanasema mjini kwamba yule mzee amekaa barazani kwake peke yake, kofia magotini, bila silaha, amemfungia mwanawe ndani na ufunguo uko mfukoni mwake. Mimi namjua. Ananisubiri nife, na safari hii hanisubiri kwa furaha. Alizika ndugu yake siku ile ile niliyozika wangu, tulipishana njiani na majeneza. Akija, mwacheni atie udongo kwa ule mkono uliobaki.

Sasa. Pumzi inakuja ikikatika, basi tufanye upesi. Humu ndani ni mahakama, na ni siku ya kura. Anderson, wewe leo ndiye sherifu. Simama hapo miguuni pangu. Ndiyo, na kitambaa hicho cha damu kichwani, sherifu wengi wa wilaya hii wamewahi kuonekana vibaya zaidi. Utaita jina, na aliyeitwa atasema kwa sauti anakwenda au anabaki. Hakuna kunong'ona. Kama ni kwenda kuua, mtu aseme mbele ya baba yake na mbele ya huyu ambaye hata baada ya gongo la kichwa aliinuka akauliza kama lake limeandikwa.

Mwite Hiram.

Sijasikia. Sema, mwanasheria, hapa hakuna hakimu wa kukuonea. Anabaki. Hiram Stroud anabaki. Ahsante, mwanangu. Futa miwani, imejaa maji.

Mwite Leander.

Msimharakishe. Mwacheni.

Anakwenda. Nimesikia. Hapana, Hiram, usimkemee, kura ni ya mwenyewe. Leander, mkono wako uko wapi, nipe. Unadhani ukifika kule mzigo huu utakutoka. Mwanangu, mimi nimewaona waliofika kule. Haya, Anderson, iandike kichwani ilivyo, anakwenda.

Basi imebaki moja. Arminta.

Binti yangu, mimi nimepiga kura na kupigiwa kura na kutunga sheria tangu ningali na nywele nyeusi, na katika miaka hiyo yote hakuna sheria hata moja iliyokuuliza wewe unataka nini, na huo ndio ukweli. Mume wako walimuua, hawakukuuliza. Baba yako kapigwa, hawakukuuliza. Leo kura inayoamua ni yako. Una haki ya kwenda kuliko hawa wote wawili, ndiyo maana nakuogopa wewe kuliko wao.

Mwite, Anderson. Arminta Pruett, binti wa Stroud.

Sema, mama.

Unaenda wapi? Arminta! Mwite tena, Anderson, sheria yetu mtu aitwe mara tatu. Mwite! Kashuka. Nazisikia buti za Josiah kwenye ngazi. Ee Mungu wangu. Leander, usiondoke, angalau nibaki na wewe, kaa, shika mkono huu, nimesema usiondoke! Mlango wa uani huo. Jike langu linamjua, litasimama tu apande. Minta. Minta, mwanangu, usi...

Nyamazeni.

Nyamazeni, nasikiliza.

Lango limefunguliwa. Huo ni mjeledi. Wanakimbia, wanakwenda, wote watatu, wamekwisha kupita kisima, wako kwenye daraja la mbao... Leander, wewe una masikio mazima, niambie kama nasikia vibaya. Ni wepesi. Kle-kle. Kle-kle. Rikabu zinagonga mbavu. Hakuna mtu juu. Hakuna mtu juu ya hata mmoja! Wakifika majani ya mtoni hakuna atakayewakamata kabla ya kesho, jike langu nalijua, na kesho nyinyi mna kaburi la kuchimba.

Anderson. Karani, umeandika?

Ndiyo. Andika. Imepita.

Lia, Leander, lia kabisa, hakuna wa kukucheka humu. Hiram, mshike ndugu yako. Wekeni vichwa hapa, sioni vizuri, nataka kuvigusa. Mungu awape miaka mirefu yenye kuchosha. Awape vitanda vyenu wenyewe vya kufia, na watoto wasiojua kulenga shabaha ila kwa sungura. Akubariki, Anderson, na sauti yako isikatwe. Kila mtu atakayepita uzio huu apite amekaa juu ya farasi wake, kwenda na kurudi. Amina, semeni amina.

Nani anapanda ngazi? Ni zile buti. Zinapwaya.

Njoo karibu, Minta. Zivue, mama. Tangu asubuhi nilikuwa nataka kukuambia, si saizi yako.